Fahamu namna salama ya kuinua kifuniko kizito cha tangi la samaki

MATANGI makubwa ya samaki wa mapambo si kitu kigeni tena katika miji ya Afrika Mashariki. Yapo katika kumbi za mapokezi za hoteli, katika migahawa, katika vyumba vya kusubiria na, kwa wale waliojaliwa nafasi, katika sebule za nyumba za kuishi.

Mtazamaji huona maji maangavu, mawe, mimea na samaki wa rangi mbalimbali. Asichokiona ni kazi inayofanyika juu ya tangi: kulisha, kusugua vioo, kubadilisha maji, kupanga upya mawe, kumtoa samaki aliyekufa. Kazi zote hizo huanza na jambo moja, nalo ni kuinua kifuniko.

Kwa tangi dogo jambo hilo ni jepesi. Lakini kwa tangi lenye urefu wa mita moja na nusu au mbili, ambalo kifuniko chake kimetengenezwa na fundi seremala kwa mbao na kubeba taa ndani yake, kuinua kifuniko ni kazi inayoweza kuumiza mgongo, kuvunja kioo, kuua samaki na, pale umeme unapohusika, kumuua mtu.

Aidha, kuna madhara yasiyoonekana siku hiyo hiyo. Kifuniko kinachochosha kuinua huinuliwa mara chache. Mwenye tangi huahirisha usafi wiki hii, kisha wiki ijayo, huku amonia inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula ikizidi ndani ya maji. Hatimaye samaki ndio wanaolipa gharama ya kifuniko kibaya.

Makala haya yanaeleza uzito huo unatoka wapi, kwa nini mwili wa binadamu hauumudu kwa urahisi, na njia zinazofaa za kuinua. Kanuni inayoziunganisha njia zote ni moja: wakati mikono ya mtu imo ndani ya tangi, kifuniko kisishikiliwe na mtu. Ama kiwe kimeondolewa kabisa na kuwekwa chini, ama kiwe kimebebwa na kifaa kilichofungwa kwa kazi hiyo.

Kifuniko na kazi zake

Vifuniko vya matangi ya samaki ni vya aina tatu kuu. Kuna kipande cha kioo kinacholazwa juu ya tangi. Kuna kifuniko cha plastiki kinachouzwa pamoja na tangi dogo. Na kuna kifuniko chenye umbo la sanduku lisilo na sakafu, ambacho hukaa juu ya tangi kama paa juu ya nyumba. Hicho cha tatu ndicho kinachozungumziwa hapa.

Sanduku hilo lina kazi kadhaa. Huzuia samaki kuruka nje, hupunguza maji yanayopotea kwa uvukizi, huficha taa na nyaya, na hulipa tangi sura ya samani. Baadhi ya samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao hupendwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote, huruka wanaposhtuka au wanapofukuzana, hivyo kuacha tangi wazi kabisa si suluhisho kwa kila mtu.

Uzito unatoka wapi

Wengi hushangaa kifuniko kinapokuwa kizito kuliko walivyotarajia, ilhali hesabu yake si ngumu. Plaiwudi ya unene wa milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Ubao wa MDF wa unene huo huo huwa na kilo 13 hivi. Mbao ngumu kama mninga, zikipasuliwa kwa unene wa milimita 25, hufikia kilo 15 au 16.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 60, na kifuniko chenye kimo cha sentimita 30 kisicho na ukuta wa nyuma. Sehemu ya juu ni mita za mraba 1.08, ukuta wa mbele ni 0.54, na kuta mbili za pembeni ni 0.36. Jumla yake ni mita za mraba 1.98.

Kwa plaiwudi ya milimita 18, sanduku hilo peke yake lina karibu kilo 24. Ukiongeza taa, vishikizo vyake, nyaya na feni ya kupozea, unakaribia kilo 30. Kwa mninga wa milimita 25 ungevuka kilo 35 kwa urahisi.

Uzito huo hauishii hapo. Mvuke unaopanda kutoka kwenye maji hunata upande wa ndani wa kifuniko mchana na usiku. MDF isiyopakwa rangi ya kuzuia maji huunyonya unyevu huo, huvimba na kuongezeka uzito, kisha hupoteza nguvu mahali skrubu zilipoingia. Kifuniko kilichokuwa imara siku ya kwanza huweza kuachia bawaba zake baada ya miezi kadhaa, tena bila dalili upande wa nje uliopakwa vanishi.

Mwili una mipaka

Kilo 30 si mzigo wa kutisha kwa mtu mzima aliyezoea kubeba. Mfuko wa saruji una kilo 50 na watu huubeba kila siku. Tofauti ni mahali mzigo ulipo na namna unavyoshikwa.

Mfuko wa saruji hukumbatiwa kifuani au kuwekwa begani. Kifuniko cha tangi hakikumbatiki. Ukingo wake wa chini uko juu ya tangi, na tangi lenyewe liko juu ya kabati au meza ya chuma. Kabati likiwa na kimo cha sentimita 80 na tangi sentimita 60, mtu huanza kuinua kutoka sentimita 140, yaani usawa wa mabega ya watu wengi. Isitoshe, kiini cha uzito kiko sentimita 30 mbele ya kioo, na miguu haiwezi kusogea zaidi kwa sababu kabati limezuia.

Miongozo ya kazi ya kunyanyua mizigo inaonyesha jinsi jambo hilo linavyobadilisha mambo. Taasisi ya taifa ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika hesabu yake iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23 kama mzigo wa juu katika mazingira bora kabisa, kisha inapunguza kiwango hicho kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, juu zaidi au mgumu kushika.

Miongozo ya HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, inataja kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke pale mzigo unapokuwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Juu ya mabega, mikono ikiwa imenyooshwa, miongozo hiyo hiyo inashuka hadi kilo tano kwa mwanamume na kilo tatu kwa mwanamke.

Maana yake ni kwamba kifuniko cha kilo 30 si kizito kidogo tu kwa mtu mmoja. Ni mzigo unaozidi mara kadhaa kiwango kinachofaa kwa mkao ule. Hata watu wawili wakigawana, kila mmoja anabaki na kilo 15 mikononi, hivyo njia ya watu wawili inafaa kwa safari fupi ya kukiondoa na kukiweka chini, si kwa kukishikilia juu huku mwingine akifanya kazi.

Umeme kwanza

Kabla ya mkono wowote kugusa kifuniko, umeme uzimwe. Hili halina mjadala.

Umeme wa majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania ni wa volti 230 hadi 240. Ndani ya kifuniko kuna taa zilizo sentimita chache juu ya maji, na mara nyingi maji hayo yana hita na pampu. Mtu aliyeingiza mkono mmoja ndani ya maji, huku amesimama miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa, amekwisha kuupa umeme njia ya kupita mwilini mwake iwapo kifaa kimoja kinavuja.

Wapo wanaoamini kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi itawaokoa. Fyuzi hiyo huulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Fyuzi ya ampea 13 hairuki mpaka mkondo uzidi ampea hizo 13, wakati swichi za kinga zinazokata umeme unapovuja, kwa ajili ya usalama wa watu, hutengenezwa zikate katika miliampea 30 tu. Tofauti ya viwango hivyo ni zaidi ya mara 400.

Hivyo basi, soketi za tangi la samaki zinapaswa kuwa chini ya swichi ya kinga ya miliampea 30 iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni, na kuwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli. Swichi hizo huwa na kitufe cha majaribio. Kibonyezwe mara kwa mara kuhakikisha kwamba umeme unakatika.

Pamoja na kinga hiyo, plagi zitolewe. Taa, hita na pampu zote zizimwe, kisha zichomolewe ukutani, kwa sababu swichi ya soketi inaweza kuwashwa kimakosa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Ekstensheni isiwekwe ndani ya kabati chini ya tangi mahali maji yanaweza kuifikia.

Kila waya unaotoka kwenye tangi uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena kuingia. Matone yanayoteremka kwenye waya yataishia kwenye kona hiyo ya chini na kudondoka sakafuni, badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi.

Taa nazo zipewe muda wa kupoa. Taa za metali halaidi, zilizotumika sana kwenye matangi makubwa miaka ya 2000, huwa na moto mkali, na tone la maji baridi linaweza kupasua kioo chake. Hita iliyo majini pia iachwe ipoe, angalau dakika 15, kabla ya maji kupunguzwa, maana hita yenye moto ikibaki hewani kioo chake hupasuka.

Kwa matangi yenye chombo cha kuchujia maji kilichowekwa chini kabatini, mwenye tangi ahakikishe kwamba chombo hicho kina nafasi ya kupokea maji yatakayorudi pampu ikizimwa. Pampu zisizimwe kwa saa nyingi, kwa kuwa bakteria wanaosafisha maji ndani ya chujio wanahitaji maji yenye oksijeni.

Watu wawili, safari moja

Njia nyepesi kuliko zote kwa gharama ni kukiondoa kifuniko chote. Inahitaji watu wawili wa kimo kinachokaribiana, na inahitaji maandalizi kabla ya kugusa mzigo.

Kwanza, pachaguliwe mahali kitakapowekwa. Pawe sakafuni au juu ya meza imara, pawe karibu, na pawe na kitambaa au vipande vya mbao vya kukalia ili taa zisigandamizwe. Njia ya kufika hapo iondolewe mazulia, ndoo, nyaya na watoto.

Pili, nyaya zote zifunguliwe. Kifuniko kinachoinuliwa huku waya mmoja umesahaulika huvutwa upande mmoja ghafla, na mtu wa upande huo hupoteza mizani. Ni vema nyaya za kifuniko ziishie kwenye viunganishi vinavyoachana nje ya tangi, mahali pakavu.

Tatu, kila mmoja asimame upande wake mfupi, si wote mbele. Hapo kila mtu anaweza kukaribia mzigo wake bila kabati kumzuia. Vishikio vya chuma vilivyofungwa kwa bolti zinazopenya ubao ni bora kuliko kushika kingo za mbao zenye unyevu.

Nne, mmoja awe msemaji. Ndiye atakayehesabu, ndiye atakayesema inua, na ndiye atakayesema shusha. Kifuniko kiinuliwe wima mpaka kivuke mabano na mabomba yote, ndipo kisogezwe mbele. Kisiburuzwe juu ya ukingo wa kioo hata kidogo. Kioo hustahimili uzito uliotandazwa sawasawa. Hakistahimili skrubu moja iliyojitokeza ikikwaruza ukingo.

Iwapo tangi ni refu kiasi cha kuhitaji ngazi, wote wawili watumie majukwaa mapana yenye miguu minne. Kiti cha plastiki, kiti cha magurudumu na ndoo iliyopinduliwa si vifaa vya kunyanyulia mizigo.

Bawaba na shoki za gesi

Njia inayofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku ni kutolinyanyua sanduku lote. Kuta zibaki zimetulia juu ya tangi, na sehemu ya juu pekee ifunguke kwa bawaba zilizo upande wa nyuma.

Hapa kanuni ya wenzo inafanya kazi kwa faida ya mwenye tangi. Ubao wenye bawaba ukiinuliwa kutoka ukingo wa mbele, bawaba hubeba nusu ya uzito. Sehemu ya juu ya mfano wetu, ikitengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 12, ina kilo 8.4 hivi, mkono wa mtu unahitaji kuanza na kilo nne tu, na nguvu hiyo hupungua kadiri ubao unavyosimama.

Sharti ni kwamba taa zisifungwe kwenye ubao unaoinuka. Zifungwe kwenye fremu ya chini, kwenye reli zinazoteleza pembeni, au zining'inizwe kutoka darini.

Hatari ya ubao wenye bawaba ni kurudi. Ukiachiwa, hushuka kwa kishindo juu ya vidole, shingo au kioo. Ndiyo maana wengi hufunga shoki za gesi, mfano wa zile zinazoshikilia mlango wa nyuma wa gari. Nguvu ya shoki huandikwa kwa newtoni, na newtoni 100 ni sawa na kubeba kilo 10 hivi.

Kwa ubao wa kilo 8.4 wenye upana wa sentimita 60, kiini cha uzito kiko sentimita 30 kutoka kwenye bawaba. Shoki mbili zinazosukuma kwa umbali halisi wa sentimita 12 kutoka kwenye bawaba zitausawazisha ubao huo zikiwa na takriban newtoni 100 kila moja. Zenye nguvu nyingi mno si bora: hufungua ubao kwa kasi na huweza kulisukuma sanduku zima kutoka mahali pake. Kwa hiyo kuta za sanduku zifungwe kwenye kabati au zikae ndani ya fremu, zisiegemee uzito wake pekee.

Shoki za gesi huchakaa. Gesi hupungua pole pole, na chumvi ya tangi la maji ya bahari hula fimbo zake. Ubao unaoanza kushuka wenyewe ni taarifa kwamba shoki zibadilishwe. Kwa sababu hiyo, kila ubao uwe pia na kizuizi cha pili kisichotegemea gesi: fimbo ya kuegemeza inayoingia kwenye tundu lake, au mnyororo wenye ndoano ukutani.

Upande wa nyuma uwe na kikomo. Ubao unaolala nyuma kupita kiasi huweza kulipindua sanduku, hasa tangi likiwa limeachana na ukuta.

Kapi, kizani na winchi

Pale kifuniko kinapopaswa kuinuka chote, na hakuna mtu wa pili wa kusaidia, mzigo unaweza kukabidhiwa jengo. Kamba nne, moja kila pembe, huunganishwa na kuvutwa kupitia makapi yaliyofungwa darini.

Hapa kosa moja ni la kawaida. Kapi lililofungwa darini na lisilosogea hubadilisha mwelekeo wa nguvu tu, halipunguzi uzito. Kifuniko cha kilo 30 kitahitaji kuvutwa kwa kilo 30. Ni kapi linalopanda pamoja na mzigo ndilo linalogawa uzito nusu kwa nusu, na malipo yake ni kwamba kamba itavutwa mita mbili kwa kila mita moja ya kupanda.

Njia nyingine ni kizani, yaani mzigo wa kusawazisha, kama ule wa lifti. Mfuko wa mchanga wa kilo 25 upande wa pili wa kamba humwachia mtu kilo tano tu za kuinua. Hata hivyo, kizani kinapaswa kushuka ndani ya boksi lililofunikwa, mbali na watoto. Vilevile, mtu asiondoe taa zenye uzito mkubwa wakati kifuniko kiko juu, kwani kifuniko kikiwa chepesi kuliko kizani kitapanda ghafla na mchanga utaporomoka.

Winchi ya mkono au ya umeme ni bora zaidi, mradi iwe ya aina ambayo mpini ukiachwa mzigo hubaki pale pale. Winchi inayorudi nyuma yenyewe mpini unapoachwa haifai juu ya kichwa cha mtu.

Kamba, makapi, ndoano na bolti vyote viwe na uwezo wa kubeba angalau mara tano ya uzito wa kifuniko. Kamba zikikaa mshazari, zinabeba zaidi ya mgawo wake: kamba mbili zilizosimama wima hugawana mzigo nusu kwa nusu, lakini zikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, kila moja inabeba uzito wote. Kamba ziteremke wima kadiri inavyowezekana.

Swali kubwa zaidi ni dari yenyewe. Dari ya jipsamu au siling bodi haibebi chochote; ni pambo. Bolti ziingie kwenye zege, kwenye boriti au kwenye kenchi iliyokaguliwa na fundi. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba, na katika ghorofa ajue kwamba kuna waya na mabomba yanayopita ndani ya zege.

Kifuniko kikiwa juu

Hata kifuniko kilichoning'inizwa vizuri kisiaminiwe kwa kamba peke yake. Kikishafika juu, kifungwe kwa minyororo miwili mifupi inayotoka moja kwa moja darini, au kikae juu ya pini za chuma zilizoingia ukutani. Hapo kamba ikikatika, kifuniko hakina pa kwenda.

Mtu asiingize kichwa na mabega chini ya kifuniko kilichoegemezwa kwa ufagio, kipande cha mbao kisichofungwa au mkono wa mtoto. Ajali nyingi za vitu vinavyoanguka hazihitaji zaidi ya fimbo kuteleza sentimita mbili.

Ni vema pia kumkumbuka samaki. Taa ya chumba iwashwe dakika chache kabla ya kufungua, ili mwanga usiwashtue samaki wakajigonga kwenye vioo au kuruka. Kazi ikichukua muda mrefu, wavu mwepesi utandazwe sehemu isiyofanyiwa kazi.

Ikitokea kifuniko kimeanguka, mikono ibaki nje ya maji. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu kwanza, ndipo taa iliyozama itolewe. Mtu aliyenaswa na umeme asiguswe mpaka umeme ukatwe. Kioo kikipasuka, watu wasogezwe mbali na maji yanyonywe kwa mpira haraka iwezekanavyo: tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 lina lita 648 likijaa, yaani kilo 648 za maji zinazotafuta njia.

Kupunguza uzito wenyewe

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuhakikisha kwamba hakuna kilo 30 za kuinua. Hilo hufanyika kwenye karatasi, kabla ya seremala kushika msumeno.

Plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu nyembamba ya mbao ina uzito wa karibu nusu ya ile ya milimita 18. Fremu ya alumini na paneli za plastiki ni nyepesi zaidi na haziozi. Kifuniko cha mita mbili kigawanywe vipande viwili au vitatu, kila kimoja kikifunguka peke yake. Ukuta wa mbele uwe na mlango mdogo wa kulishia, ili kazi inayofanyika kila siku isihitaji kuinua chochote.

Taa za LED zimerahisisha jambo hili. Ni nyembamba, hazitoi joto kali kuelekea majini kama metali halaidi, na nyingi hutumia volti ndogo kupitia adapta iliyo mbali na maji. Taa za florasenti, kwa upande mwingine, zina zebaki, na kifuniko kikianguka huvunjika na kuchafua maji. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliafikiana mjini Geneva mwaka 2023 kukomesha hatua kwa hatua utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa hizo hadi mwisho wa mwaka 2027, hivyo anayejenga kifuniko kipya hana sababu ya kukijenga kwa ajili yake.

Upande wa ndani upakwe rangi ya epoksi au nyingine isiyopitisha maji, pamoja na kingo zilizokatwa, ambako ubao hunyonya zaidi. Rangi iachwe ikauke kabisa na harufu iishe kabla ya kuwekwa juu ya samaki. Skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kurudisha mahali pake

Watu wengi huwa waangalifu wakati wa kuinua na wazembe wakati wa kurudisha, kwa sababu wamechoka na mikono imelowa. Mikono ikaushwe, sakafu ipanguswe, na vifaa vyote vitolewe juu ya tangi. Kifuniko kishushwe wima kama kilivyopanda, huku mmoja akitazama kwamba hakuna waya wala bomba lililobanwa.

Kwanza kifuniko kikae, kisha kikaguliwe kwamba kimekaa juu ya fremu au mabano yake na si juu ya kioo kitupu. Ndipo plagi zirudishwe: pampu, halafu hita iliyozama kikamilifu, na taa mwisho.

Mwenye kutaka kujua kama kifuniko chake kinafaa ajiulize swali dogo. Je, mtu mmoja aliye peke yake nyumbani, asiye na nguvu za pekee, anaweza kukifungua, kufanya kazi kwa robo saa na kukifunga bila kushikilia uzito wowote? Jibu likiwa hapana, aanze kwa kumwita fundi abadilishe kifuniko, kabla ya kuongeza samaki mwingine ndani ya tangi.